Filamu Ipi Inastahili Saa Zetu Mbili? Kuchagua Filamu za Mtandaoni kwa Darasa la Kiswahili

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutuuliza swali lilelile: "Mwalimu, tutazame filamu gani ili Kiswahili chetu kinyooke?" Zamani swali hili halikuwa gumu kwa kuwa filamu zenyewe zilikuwa chache. Zilifika Kamembe zikiwa kwenye kanda, baadaye kwenye diski, na mtu alitazama kile alichokikuta kibandani. Nyingi zilikuwa filamu za Bongo za enzi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012. Lakini tangu Januari 2016, Netflix ilipofunguliwa kwa mkupuo mmoja katika nchi nyingi za Afrika, na majukwaa mengine yakafuata au kutangulia, mwanafunzi mwenye simu ana orodha mpya kila wiki. Uhaba umekwisha, sasa tunasumbuliwa na wingi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna tunavyozipima filamu hizo kabla ya kuziingiza darasani. Hatuzungumzii filamu ya kujiburudisha Jumamosi jioni, maana hapo kila mtu na ladha yake. Tunazungumzia filamu itakayokula saa mbili za kipindi na, mara nyingi zaidi, itakayokula bando la mwanafunzi ambaye fedha hiyohiyo angeweza kunulia chakula cha mchana. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, saa moja ya picha ya kawaida huweza kutumia hadi GB 1, na picha ya ubora wa juu hadi GB 3. Kwa hiyo filamu ya dakika 90 ikitazamwa kwa ubora wa juu inaweza kumaliza zaidi ya GB 4. Mwalimu anaposema "kaitazameni nyumbani" hana budi kukumbuka hesabu hiyo. Kwenye simu kuna mpangilio wa kubana matumizi ambao hushusha kiwango sana, na kupakua filamu mahali penye intaneti ya bure ni nafuu zaidi. Vilevile tukumbushane kwamba akaunti iliyolipiwa kwa matumizi ya nyumbani haimpi mtu ruhusa ya kuonyesha filamu yoyote ukumbini. Baadhi ya filamu za hali halisi ndizo hutolewa ruhusa ya kuonyeshwa mara moja kwa ajili ya elimu, na masharti hayo husomwa kabla, si baada.

Neno "mpya" nalo lisituhadae. Kwenye orodha hizo neno hili lina maana ya dukani: filamu ni mpya kwa kuwa imeingia dukani wiki hii, hata kama ilitengenezwa miaka kumi iliyopita. Huweza pia kuondoka mwezi ujao mkataba wake ukiisha, na mwalimu aliyekwisha kuandaa maswali akabaki nayo mkononi. Orodha ya zinazoongoza kwa kutazamwa, kwa upande wake, hutwambia watu wametazama nini. Kama walichokisikia ni Kiswahili, au Kiingereza chenye "habari" na "asante" mbili tatu, orodha hiyo haisemi.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Jina la filamu si lugha ya filamu. *Kati Kati* ya Mbithi Masya (2016) ina jina la Kiswahili safi, na ni filamu nzuri ya kufikirisha kuhusu watu waliokwama baina ya uhai na mauti, lakini mazungumzo yake kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyeitafuta kwa ajili ya kusikiliza Kiswahili atatoka na falsafa, hatatoka na msamiati. Kwa hiyo tunashauri mambo mawili ya haraka kabla ya kulipia chochote. Kwanza, soma mstari unaotaja lugha za sauti. Pili, usitosheke nao: fungua dakika za mwanzo, kisha ruka hadi katikati, kisha karibu na mwisho, uhesabu ni mara ngapi wahusika wanasema sentensi nzima ya Kiswahili bila kuhamia lugha nyingine. Kazi hii haizidi robo saa. Tamthilia ya *Country Queen*, iliyotolewa na Netflix Julai 2022 ikiwa na sehemu sita, ni mfano mzuri: humo mna Kiswahili, Kiingereza, Kikamba, Kikuyu na Sheng, kama ilivyo Kenya yenyewe. Kwa somo la isimujamii ni hazina. Kwa mwanafunzi anayejifunza upatanisho wa ngeli ni msitu.

Nani anayekisema Kiswahili?

Swali hili ndilo tunalolipa uzito kuliko yote, na pengine wenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa hawatalielewa mara moja. Nchini kwetu Kiswahili kilipitishwa na Bunge kuwa lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kabla ya hapo, na kwa miaka mingi, lugha hii ilibandikwa sifa ya wachuuzi, madereva, askari na wajanja wa mjini. Wazazi wengine waliwakanya watoto wao wasiiseme nyumbani. Sifa hiyo haikufutika kwa kura ya Bunge. Bado tunapokea wanafunzi ambao jamaa zao wanawauliza watafanya nini na lugha ya "wahuni".

Sasa chukua *Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012. Ni filamu kubwa. Ndiyo ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar, na Joseph Wairimu, anayeigiza kama Mwas, kijana wa shamba anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo. Tunaipenda. Lakini mwalimu akiifanya kuwa filamu ya kwanza ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa Rusizi ataitazama, amethibitisha kila alichoambiwa mwanafunzi huyo na shangazi yake: kwamba Kiswahili ni lugha ya kuibiana vioo vya gari, ya mahabusu na ya bastola. Filamu yenyewe haisemi hivyo. Inasema jambo zito zaidi kuhusu mji na kijana aliyekosa mlango. Ila kulisikia jambo hilo kunahitaji mtu aliyekwisha kukutana na Kiswahili cha mama, cha mganga wa zahanati, cha hakimu, cha mwalimu na cha wapendanao.

Ndiyo maana sisi tumeelekea kuanza na *Supa Modo* ya Likarion Wainaina (2018). Mtoto Jo ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinajikusanya kumsaidia kuwa shujaa. Ina dakika 74 tu, jambo ambalo mwenye ratiba atalishukuru. Kiswahili chake ni cha Kenya, kimechanganyika na Kiingereza na Kikuyu, na hatudai kuwa ni sanifu. Lakini wanaokisema ni mama, dada, mtoto na majirani, na wanakisema kwa upole, kwa utani na kwa huzuni. Wanafunzi wakilia, na hulia, wanakuwa wamelilia katika Kiswahili. Hilo kamusi haiwezi kulifanya.

Kwa wanaotaka Kiswahili cha Tanzania cha maisha ya kila siku, *Binti* ya Seko Shamte (2021) inafaa. Iliingia Netflix mwaka 2022 na ikatajwa kuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kufika huko. Hadithi nne za wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mtihani wake, zinamwezesha mwalimu kuonyesha hadithi moja tu na kuiacha ijitegemee. Mazungumzo yanasikika vizuri. Mna vipigo vya ndoa ndani yake, kwa hiyo darasa lielezwe mapema. Filamu za Jordan Riber, *Fatuma* na *Bahasha*, zote za mwaka 2018, nazo zina Kiswahili kinachoeleweka. *Bahasha* ni kuhusu rushwa, na jina lenyewe linatosha kufungulia mjadala wa tafsida, maana bahasha ile haina barua.

Vuta N'Kuvute na suala la tuzo

Filamu ambayo tumeulizwa zaidi na walimu wa fasihi ni *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji. Sababu inajulikana: riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo, iliyotoka 1999, imesomwa shuleni Tanzania kwa miaka mingi, na wengi wetu tuliosomea shahada ya pili nje ya mipaka tulirudi na nakala zake zilizochakaa. Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaichagua kushindania Oscar, baada ya takriban miaka 20 bila kupeleka filamu.

Tuzo na matamasha ni kipimo kizuri, lakini tukijue kinachopimwa. Jopo la majaji katika tamasha la kimataifa huangalia picha, uigizaji na usimulizi, na mazungumzo huyafuata kwa maandishi ya Kiingereza au Kifaransa chini ya skrini. Wengi wao hawasikii kama mhusika wa Ng'ambo anazungumza kama mtu wa Ng'ambo. Kazi hiyo ya kusikia ni yetu, na hakuna atakayetufanyia. Kwa filamu hii masikio yetu yameridhika: Unguja ya miaka ya 1950 inasikika, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja anapata nafasi ya kusikia kilivyo Kiunguja kikiwa na pumzi zake, na taarabu yake.

Lakini je, inastahili saa mbili za darasa la fasihi? Tunasema ndiyo, kwa sharti moja: riwaya isomwe kwanza. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba kila kilichomo katika riwaya nene, na haikujaribu. Inamchukua Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa ya kulazimishwa, na Denge, kijana wa siasa za kupinga ukoloni, na kuwaweka katikati. Mengine inayapunguza au kuyaacha. Mwanafunzi aliyeanza na filamu huichukulia riwaya kama filamu iliyorefushwa, akaruka kurasa. Aliyeanza na riwaya hukasirika, na hasira hiyo ndiyo tunayoitaka. Anauliza: fulani yuko wapi? Kwa nini hapa amenyamaza? Katika riwaya msimulizi hutwambia Yasmin anawaza nini. Katika filamu uso wa Ikhlas Gafur Vora na muziki ndivyo vinavyopaswa kusema. Zoezi letu ni hili: chagua onyesho ambalo mhusika hasemi neno, kisha uandike aya moja ya usimulizi ambayo ingeweza kukaa mahali pa ukimya huo. Tumepata aya nzuri kuliko insha nyingi za "jadili nafasi ya mwanamke".

Kiswahili cha ng'ambo ya mto

Sisi tulioko Kamembe tuna hali ambayo wenzetu wa Kigali hawanayo. Bukavu tunaiona kwa macho. Wanafunzi wetu kadhaa wamekua wakisikia "niko nakuya", "batoto", "mutoto", na wanapofika darasani tunawasahihisha hadi wanaogopa kufungua mdomo. Filamu inaweza kulitibu hilo endapo itachaguliwa vizuri.

Iko filamu moja ya hali halisi ambayo tunaipendekeza kwa mwaka wa tatu bila kusita: *Makala* ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Kabwita, kijana wa kusini mwa Kongo, anakata mti mkubwa, anauchoma kuwa makaa, anayapakia kwenye baiskeli hadi baiskeli haionekani, kisha anaisukuma kwa miguu takriban kilometa 50 hadi Kolwezi kuyauza. Basi. Hakuna msimulizi, na maneno ni machache, jambo ambalo kwa msikilizaji asiye na kasi ni neema.

Jina lake peke yake ni kipindi kizima. Msomaji wa Dar es Salaam akiliona atadhani ni filamu kuhusu makala ya gazeti, kama haya unayoyasoma, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Mwanafunzi wa Rusizi haulizi kitu, kwa sababu nyumbani kwao makaa huitwa *amakara*. Kiswahili cha pwani kiliidondosha ile *l* iliyokuwa kati ya irabu mbili, kikabaki na *makaa*. Kiswahili cha Kongo kinayo bado, na Kinyarwanda kinayo kwa sura ya *r*. Ukimwambia mwanafunzi atafute mfano mwingine, haitachukua muda atakuletea *inzara* na *njaa*. Mwanafunzi yule aliyekuwa anaona haya kwa lafudhi ya ng'ambo ndiye siku hiyo anayewaeleza wengine. Baada ya hapo ndipo tunapozungumza naye kuhusu sanifu na mahali pake pa kutumika, na anasikiliza.

Kwa *Neptune Frost* ya Saul Williams na Anisia Uzeyman (2021), iliyopigwa picha hapa Rwanda na yenye Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza ndani yake, tunamshauri mwalimu aitazame peke yake kwanza. Ni kazi ya kishairi isiyofuata mstari. Darasa moja litaisifu, jingine litalala.

*City of Joy* ya Madeleine Gavin, iliyowekwa Netflix mwaka 2018, ni suala tofauti. Inahusu kituo cha Bukavu cha wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na humo yumo Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka huohuo. Ni filamu inayostahili kutazamwa na kila mtu mzima wa eneo hili la Maziwa Makuu. Je, ni filamu ya kufundishia ufahamu wa kusikiliza saa mbili asubuhi? Hapana. Kwa mtu wa Kamembe wale si watu wa mbali. Huenda darasani mkawa na mwenye ndugu, au mwenye yake mwenyewe asiyoyasema. Tunaiweka kwa madarasa ya juu tu, inatangazwa wiki moja kabla, na mwanafunzi anayetaka kutoka anatoka bila kuulizwa. Aidha, hatuonyeshi filamu yoyote ya mauaji au ukatili mkubwa katika majuma ya kumbukumbu yanayoanza Aprili 7, hata kama ndiyo kwanza imeingia kwenye orodha na kila mtu anaizungumzia. Itasubiri Juni.

Mfafanuzi aliyekaa kati ya skrini na mtazamaji

Walimu wanaotoka nje hushangaa wanapoona wanafunzi wetu wakitazama filamu kwa kuzungumza. Sababu ni *agasobanuye*. Karibu kila kijana wa Rwanda amekua akitazama filamu ambayo juu yake kuna sauti ya mtu anayeeleza kwa Kinyarwanda: anatafsiri, anatania, anaongeza chumvi, anamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Tanzania walikuwa na marehemu Lufufu, na Uganda wana mafundi wao wanaoitwa VJ. Wapo wenzetu wanaoidharau sanaa hii kwa kuwa haiko sahihi. Sisi tunaiona kuwa darasa la tafsiri lililokuwepo kabla ya darasa letu.

Inatusaidia pia kuchagua filamu. Tukiwa na shaka kama filamu inafaa, tunachukua dakika tano zake, tunazima sauti, tunampa mwanafunzi mmoja nafasi ya kuifafanua kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Filamu ambayo haina tendo, haina uso wa kusoma wala jambo la kubishania, mfafanuzi atakwama dakika ya pili. Filamu yenye uhai humvuta mtu hadi anasahau kuogopa ngeli. Anakosea, ndiyo, na wenzake wanamrekebisha kwa kelele kabla mwalimu hajafungua mdomo. Kipimo hiki hakitumii GB nyingi, na hadi sasa hatujapata kilicho bora zaidi.

Muhula huu mwaka wa kwanza wataanza na *Supa Modo* wiki ya nne, na onyesho moja la *Binti* wiki ya saba. Mwaka wa pili watasoma *Vuta N'Kuvute* hadi mwisho kabla ya kuitazama. Mwaka wa tatu wana *Makala*, na *Nairobi Half Life* itafuata kwa somo la Sheng na lahaja za mitaani. Mwalimu au mwanafunzi mwenye pendekezo jingine alilete idarani akiwa ameandika mambo matatu: lugha alizozisikia mwenyewe, nani anayesema Kiswahili ndani ya filamu hiyo, na dakika ambazo angependa darasa lizitazame, kuanzia ngapi hadi ngapi.